Gauni Lililofuliwa

Recheli alianguka juu ya matuta ya karanga huku bado akimtazama usoni aliyempiga, kama anayengoja aambiwe ni bahati mbaya. Alikuwa Amon, mdogo wa mwisho wa mumewe. Alikuja nyumbani kwake pale Kwihara ana miaka sita, mama yao alipofariki. Recheli alimlea, akamwogesha, akamsimamia hadi siku ya kipaimara. Hata baada ya Recheli kufiwa na mume, Amon aliendelea kumwita mama.

Asubuhi ile alimkuta anang'oa minyaa ya mpaka wa shamba.

"Amon, mwanangu, unafanya nini?"

Amon aliinua mpini wa jembe, akampiga mkononi, kisha kichwani. Dionis, jirani aliyekuwa akipalilia shamba la pili, alipiga yowe, ndipo Amon akaondoka. Hakukimbia. Alitembea tu.

Dionis alimpakia Recheli kwenye bodaboda mpaka kituo cha polisi Tabora mjini. Askari wa kike, afande Ummy, aliandika taarifa. Recheli alipomaliza kusema akainuka, akidhani mambo yamekwisha.

"Kaa kwanza, mama," alisema afande. "Kutoa taarifa ni mwanzo tu. Hii ni namba yako ya RB, kila ukija kuulizia kesi utaitaja. Hii ni fomu ya PF3, nenda nayo hospitali sasa hivi, daktari akishaijaza uirudishe kwangu. Hilo gauni lenye damu usilifue, uniletee. Na wakija kukwambia muyamalize nyumbani, usikubali kitu kabla hujaniambia."

Hospitalini walimshona kichwa na kumfunga mkono plasta ngumu. Alirudi nyumbani hana hata nguvu za kula, dada yake Agnetha akambadilisha nguo, akalala.

Alipoamka jioni, aliona gauni lake kwenye kamba, safi, linachuruzika maji.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimelifua. Ningeliachaje na damu yako?"

Recheli alikaa chini pale pale mlangoni. Alifikiri hata kunyamaza, aseme gauni limepotea. Lakini kesho yake alikwenda kituoni na Agnetha, akarudisha PF3, akaeleza ilivyokuwa.

Afande Ummy alifungua faili. "Heri umesema kweli. Tutaandika hivyo hivyo. Dada, wewe uliliona kabla ya kulifua?"

"Nililiona. Bega lote damu."

"Basi na wewe utatoa maelezo. Na huyo Dionis namtaka hapa leo."

Jioni ya siku ya tatu, Amon akiwa ameshakamatwa, alikuja Mzee Yoramu, baba mdogo wa mume wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Shetani kampitia. Futa kesi, tukae sisi wenyewe."

"Baba, ulikuja kuniangalia nilipopigwa?"

Recheli akaendelea.

"Mimi ndiye niliyemlea. Kama angeniomba shamba, tungeongea. Hakuniomba. Sasa nimeshasema polisi, na nitakayoyasema mahakamani ni yale yale."

Kesho yake alimpigia afande simu, akamweleza nani alikuja na alisema nini.

Mahakamani hapakuwa na mabishano marefu. Aliposomewa shitaka, Amon alisema, "Ni kweli," bila kumtazama mtu. Alifungwa mwaka mmoja. Walipomtoa alipita karibu na benchi la Recheli, na Recheli, bila kujua, akasogea ili asimguse.

Jambo hilo lilimtia simanzi kuliko kifungo chenyewe. Mkono umepona, karanga amevuna. Lakini watu wa Kwihara wamezoea sasa: ukitaka kumsalimu Recheli, ita jina lake ungali mbali, kwani ukimtokea ghafla hujikinga kichwa kwa mikono yote miwili.