Suti Kumi na Moja

Bado nina hasira, ingawa sasa sijui nimkasirikie nani. Nina studio ya picha hapa Korogwe. Jumamosi Mama Zaina alifika kutoka Kwedizinga kuchukua bango la harusi ya binti yake, harusi ya siku hiyohiyo. Kila nikihifadhi kazi, programu ya picha inaniandikia "memori haitoshi", kisha inajifunga. Mara tatu!

Nikampigia fundi Mbwana, aliyeniongezea memori kwenye kompyuta wiki iliyopita. Nikaweka simu kwenye spika makusudi ili wateja wote wasikie. "Umenifungia memori mbovu! Nilikuona mtu, kumbe tapeli!"

Akaja mbio na bodaboda kutoka Kwamndolwa. Akanisalimia kwa upole, jambo lililozidi kunichefua. Akafungua kompyuta: memori ipo, nzima kabisa.

"Kaka, umefungua picha ngapi humu?"

"Moja tu! Bango la mama huyu!"

"Hii programu hata ikijifunga, ukiiwasha inarudisha zote ulizoacha wazi." Akalisogeza bango pembeni ya skrini.

Sisi wa studio huwavalisha wateja suti kwenye kompyuta. Ijumaa nilikuwa najichagulia yangu, ya picha ya kibao cha mlangoni. Zikatokea zote: mimi na suti nyeusi, mimi na ya bluu, mimi na ya rangi ya maziwa, kumi na moja, kila moja kubwa kama ukuta.

Mama Zaina akavaa miwani, akazitazama bila haraka.

"Kumbe mwanangu haolewi," akasema, "mpaka wewe umalize kuvaa."