Alama Chini ya Raba

Usiku ule nililala na koti. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni baridi, na kwa baridi ya Limuru nani atabisha, akageuka akalala. Kumbe mfukoni mwa koti lile kulikuwa na barua tatu za kufuta watu kazi, na sikutaka kuziacha mezani zilale peke yake.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Nikilala ninalala, nikiamka ninaamka. Shule niliishia darasa la tatu, na nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii. Nilianza kwa kubebea watu mifuko ya fimbo za gofu, nikaenda kwa Fundi Simiyu kujifunza kuzitengeneza, nikafungua kibanda karibu na lango la klabu, na baada ya miaka mingi nikafungua duka kubwa Nairobi, ndani ya jumba la maduka, lenye taa mpaka kwenye rafu na jina langu juu ya mlango. Baba hakuniachia hata jembe. Watu wakisema Mzee Kariuki ana kiburi, huwa nawaambia asanteni.

Lakini biashara ya fimbo imeharibika. Siku hizi mtu anaingia, anaishika fimbo, anaipiga hewani mara mbili, anaipiga picha, anakwenda kuiagiza kwa simu kutoka ng'ambo. Binti yangu Wairimu, ambaye ndiye msimamizi, alinikalisha chini akaniambia bila kuzunguka.

"Baba, tusipopunguza watu watatu mwezi huu, tutafunga."

"Chagua," nikamwambia.

Akachagua vijana wawili wa kuuza, na Mama Mutua wa meza ya ufundi, ile iliyo nyuma ya pazia.

"Fimbo za kutengenezwa hazija tena," alisema. "Na Mama Mutua amechoka."

"Amekuambia amechoka?"

"Baba."

Mama Mutua nimekuwa naye tangu kibandani, na kabla ya hapo tulikuwa wote kwa Simiyu, yeye akifagia na kutuchemshia chai. Kazi aliijua kwa kutazama. Nilizitia barua mfukoni. Mpango wangu, na leo nausema kwa aibu, ulikuwa nimpe askari wa mlangoni azigawe asubuhi, na mimi niwe nimeshaondoka.

Basi nikalala, nikajikuta dukani. Ni mchana. Hakuna mteja hata mmoja, na taa zote zinawaka. Nimekaa kwenye kiti changu kile kikubwa, na nyuma yangu ukutani imening'inia ile fimbo.

Kila anayeingia dukani kwangu amesikia habari za fimbo ile. Ilikuwa ya daktari mmoja. Aliileta kwa Simiyu ivishwe raba mpya pale pa kushikia, nikaivisha mimi, kesho yake akashinda nayo mashindano makubwa, na kwa furaha akanidhamini mpaka nikapata kibanda. Alipouacha mchezo kwa sababu ya magoti, aliniletea iwe kumbukumbu. Nikaitundika. Fimbo iliyonifungulia mlango, ndivyo ninavyowaambia watu. Kwa mkono wangu.

Ninasikia viatu vya mpira vikiburuzwa. Fundi Simiyu anaingia.

Jeneza lake nililibeba mimi, upande wa kichwani, na mvua ilikuwa inanyesha. Lakini ndani ya ndoto sikukumbuka kuwa amekufa. Nilichofikiri ni kwamba amekuja na sijafagia. Alikuwa na aproni yake ya kaki, penseli nyuma ya sikio, uso umenyooka, kifua hakikoromi tena.

"Kariuki," akasema, "mbona umewasha taa mchana?"

"Ni duka la kisasa, Fundi."

"Mm."

Akapita kwenye rafu polepole. Anachukua fimbo, anainusa pale pa kushikia, anairudisha. Anachukua nyingine, anainusa.

"Hizi bado hazijapata mtu," akasema, kwa huruma, kama mtu anayeongea juu ya watoto.

Nikasimama nimpe kiti. Hakukitazama. Alinyoosha mkono juu ya kichwa changu, akaishusha ile fimbo ya daktari, akaiweka begani, akatoka.

Ninamfuata. Tunashuka kwa zile ngazi zinazokwenda zenyewe, na tukiwa katikati zimekuwa nyasi, na nyasi zimekuwa mteremko wa shimo la tisa kule Limuru, umande unaingia viatuni. Ukungu umefunga. Ninaiona aproni yake tu, mara nayo siioni. Ninamwita, na badala ya kunijibu anapiga mluzi ule wake wa zamani, wa kumwambia mwenzake mimi niko huku, njoo. Nilikuwa nimeusahau mluzi ule. Miguu yangu ya leo ina maumivu, lakini pale ilikuwa myepesi.

Tukafika kwenye banda lake la mabati. Harufu ya petroli. Jiliwa la kubania fimbo liko palepale, na kikombe chake kisicho na mkono. Kwenye benchi wameketi watu watatu, wameweka mikono mapajani kama watu wanaongoja kuitwa hospitalini. Wale vijana wangu wawili wa kuuza. Na Mama Mutua, lakini Mama Mutua wa zamani zile, msichana mwembamba, anasuka kiondo kama ilivyokuwa kawaida yake. Hawakuniangalia.

"Umebeba nini mfukoni?" Simiyu akaniuliza.

"Karatasi."

"Nisomee."

Nikatoa moja. Maandishi yapo, nayaona, lakini nikiyakazia macho yanasogea.

"Fundi, si unajua mimi kusoma ni kwa shida."

Akaibana fimbo kwenye jiliwa. Akaizungusha kidogo, akaitazama kwa jicho moja.

"Unampa mtu karatasi ambayo wewe mwenyewe huwezi kumsomea?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama angeniuliza kama nimekula. Hapo nikajisikia vibaya kuliko siku yoyote aliyonitukana, na alinitukana siku nyingi.

Nikaona nibadilishe maneno. Nikamwambia jambo ambalo nimekaa nalo tangu ujana na sijamwambia mtu.

Yule mwenye kujua raba atanielewa. Raba ya fimbo ina mgongo mwembamba kwa ndani, na vidole vya mchezaji huutafuta vyenyewe. Fundi anazungusha utepe wa karatasi, juu yake utepe wa gundi, anamwagia petroli, anaivisha raba ikiwa bado inateleza, na hapo ana muda mfupi sana wa kuutazama uso wa fimbo na kuunyoosha ule mgongo. Ukichelewa, umeshika. Jioni ile ya fimbo ya daktari niliharakisha. Nilipoitazama, mgongo umekaa upande, na raba imekwisha kushika. Raba nyingine haikuwa mkononi mwangu, kabati lilikuwa limefungwa. Nikaiacha pale, nikaenda nyumbani nikijua kesho nitafukuzwa. Asubuhi daktari akaichukua, akaipiga hewani, akasema, "Safi kabisa, kijana." Nikaishika kidogo. Mgongo ulikuwa umenyooka kama uzi.

Nilijua si kazi yangu. Nilicheka, nikapokea sifa, sikuuliza.

"Ni wewe uliyenirekebishia, Fundi," nikamwambia pale bandani. "Sijawahi kukushukuru. Asante."

Simiyu akanitazama.

"Mimi? Wiki ile nilikuwa wodini, Kariuki. Ulikuja kuniona. Ukaniletea maziwa, ukayamwaga mlangoni."

Na ni kweli. Nikayaona yale maziwa yakitambaa sakafuni, na nesi akinipigia kelele. Nilikuwa nayajua hayo miaka yote, ila sikuwahi kuyaweka pamoja.

"Basi ni nani?"

Akatoa kisu chake kile cha kukatia raba, akanipa kwa upande wa mpini, kama alivyokuwa akinipa siku zote.

"Kata kwanza. Karatasi baadaye."

Nikageuka kuangalia benchi. Vijana wapo. Mahali pa Mama Mutua pamebaki kiondo tu, na nyuzi zake zinatikisika kama mkono umetoka hapo sasa hivi. Nikaweka kisu juu ya raba. Simiyu akaniwekea kiganja mgongoni, kizito, chenye joto. Joto lile nililisikia hata macho yalipofumbuka.

"Unaongea na nani?" mke wangu akauliza. Kulikuwa kumeanza kupambazuka.

"Na Fundi Simiyu."

"Anasemaje?"

"Anasema nikate."

"Ukate nini tena, wewe mzee? Lala."

Sikulala. Nilifika dukani kabla ya wote, askari akanifungulia. Sikuwasha taa. Nikaishusha fimbo ukutani, nikaipeleka nyuma ya pazia, nikaibana kwenye jiliwa la Mama Mutua na kuchukua kisu chake.

Simiyu alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuvisha raba, kila fundi anaweka alama yake kwa penseli kwenye ule utepe wa karatasi, chini kabisa, mahali ambapo hakuna mteja atakayeona. Atakayeona ni fundi mwingine, miaka ikipita, raba ikichakaa na kukatwa. Alisema hapo ndipo mafundi wanaposalimiana. Yangu ilikuwa duara, kwa sababu kuandika kulinisumbua, na kwa haraka zangu duara lenyewe halikuwahi kufunga, ncha zilikuwa zinapishana.

Raba ilikuwa imekauka kama ngozi ya kiatu. Nikaipasua, nikaibandua. Nikakwangua gundi. Utepe umekuwa wa rangi ya chai, lakini penseli haifi.

Juu kulikuwa na duara. Limefunga vizuri, ncha kwa ncha. Mimi sijachora duara kama hilo maishani mwangu. Na chini yake, kwa udogo kama wa mtu anayeogopa kuchukua nafasi, mistari mitatu imelala upande, ule mshono wa mdomo wa kiondo.

Nikakaa sakafuni.

Mama Mutua alinikuta palepale. Ana chupa yake ya chai, anavua skafu, anaona ganda la raba chini.

"Haiya! Mzee, umeiua fimbo yako."

"Fimbo yako," nikamwambia.

Akainama akaangalia utepe. Akacheka kwa pua.

"Ulikuwa umeipinda, Mzee. Kama mkia wa nguruwe."

"Na raba uliitoa wapi?"

"Hiyohiyo. Niliingiza petroli kwa sindano ya Fundi, nikaibembeleza mpaka ikatoka. Kulikucha nikiwa nayo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa anamimina chai. Akamaliza kumimina ndipo akanijibu.

"Asubuhi ile ulikuwa unacheka. Nilikuwa sijawahi kukuona ukicheka."

Nikatoa barua yake mfukoni, nikamweleza ni nini na nilitaka kumpa vipi. Nilimwambia na habari za askari, yote. Alinisogezea chai.

Wairimu alipofika nilimwambia aiandike upya ile moja, aweke jina langu. Akasema, "Baba, wewe ndiye mwenye duka." Nikamwambia mwenye duka anakalia ofisi, analipwa, anaendeshwa na dereva wa kukodi, na haijui tena harufu ya petroli. Macho yakamlowa, lakini huyu ni binti yangu, hana porojo. Akasema pesa hiyo itatosha kumbakisha mtu mmoja tu. Wale vijana wawili sikuweza kuwaokoa. Niliwaita, nikawaambia kwa mdomo wangu mwenyewe, nimesimama, nikiwatazama. Mmoja alinipa mkono. Mwingine alitoka bila kuaga, na ana haki yake.

Sasa ninakaa nyuma ya pazia. Ninashika fimbo, Mama Mutua anavisha, na nikiharakisha ananipiga kwenye kidole. Siku tuliyoivisha raba mpya ile fimbo ya daktari, alizungusha utepe wa karatasi, akaweka mistari yake mitatu, akanipa penseli.

"Yako chini ya yangu safari hii," akasema.

Nikachora duara langu polepole kadiri ya uwezo wangu, ulimi nje kama mtoto. Nikamsikia Simiyu akipiga mluzi mahali fulani, au labda ilikuwa birika likichemka. Halikufunga.