Stage ya sita ya Rizak, niliyoifuta mwenyewe

Wakuu, amani iwe kwenu.

Huwa nasoma tu humu, sichangii. Leo naandika jambo lililonipata mimi, na sehemu inayoniaibisha sijaipunguza. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi ni dalali wa mbuzi hapa Garissa. Mdogo wangu, Rizak, alikuwa fundi wa simu na laptop, kibanda chake kilikuwa karibu na soko. Nilijua anapenda gemu moja ya Kijapani, ya ndege na risasi. Nilidhani anaicheza tu.

Wateja nao walidhani hivyo. "Rizak, leo umewashinda Wajapani?"

Anajibu bila kuinua kichwa. "Wajapani hawanisumbui, mzee. Inayonisumbua ni hii simu yako uliyoiangusha chooni."

Haya yanayofuata niliyajua baadaye, kutoka kwenye barua pepe alizoandikiana Rizak na mwenye gemu.

Gemu hiyo ilitengenezwa na mtu mmoja, hana kampuni. Mchana anafanya kazi kiwandani, akirudi nyumbani anakaa na gemu yake. Alianza na stage mbili, yaani hatua mbili za mchezo. Alizichoma kwenye CD mwenyewe, akaziuza kwenye ukumbi ambako watu kama yeye hukutana kuuziana kazi zao. Baadaye akaweka demo ya bure mtandaoni, kipande cha kuonjesha watu.

Rizak akaishusha. Ikagoma kufunguka kwenye laptop yake kuukuu. Akamwandikia, na yule mtu hakumwambia anunue mashine mpya. Aliirekebisha gemu.

Tangu hapo kila toleo jipya lilijaribiwa Garissa kwanza. Likikwama, Rizak anaandika limekwama wapi. Zikafika stage tatu, nne, tano. Tarehe ya kutoka ikatangazwa, ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena. Mwenye gemu alitaka stage ya sita, ya mwisho, iwe na ardhi ambayo wachezaji wa gemu hizo hawajawahi kuiona.

Akamwandikia Rizak, "Chora kwenu."

Rizak alichora kwa miezi minane. Hakutuma hata kipande. Kila akiulizwa anajibu, "Utaiona ikiisha." Barua yake ya mwisho inasema imebaki wiki moja.

Jumatatu alishikwa na homa. Alhamisi tukamzika.

Kwetu, kabla watu hawajatawanyika makaburini, ndugu wa marehemu husimama na kuuliza. Nilisimama mimi. Nikasema, aliye na haki kwa Rizak, au aliyemwachia amana, aje kwangu. Mama mmoja akaja kudai simu yake iliyokuwa kwenye matengenezo, nikampa. Mzee mmoja akasema amemsamehe yote.

Nikaona nimemaliza wajibu wangu. Sikujua kuna mwenye amana aliyeko Japani, na hakuna aliyempelekea habari.

Nyumbani tulikubaliana laptop itolewe sadaka kwa madrasa moja kule Ijara, thawabu zimfikie. Kabla ya kuituma nikaifungua pale kibandani.

Nilichokiona ni mji wetu ukitazamwa kutoka juu. Mto Tana, daraja, barabara, mapaa ya mabati. Juu ya daraja kulikuwa na alama nyekundu zenye namba, na pembeni maandishi ya Kijapani nisiyoyajua. Nikabonyeza. Ndege ikatokea, ikaanza kumwaga risasi juu ya daraja.

Anayekaa huku atanielewa. Kuna vijana wamechukuliwa na askari, wakishukiwa ugaidi, kwa mambo madogo kuliko picha ya daraja.

Lakini niseme ukweli wote. Sikuogopa askari peke yao. Gemu au si gemu, nilimshuku mdogo wangu kwamba kuna shambulio analolipanga. Siku kumi baada ya kumzika nilikaa kwenye kiti chake nikijiuliza alikuwa mtu gani.

Sikumuuliza yeyote, hata Hooyo, mama yetu. Nikaibeba laptop hadi kwa fundi wa kibanda jirani.

"Futa kila kitu," nikamwambia.

"Walaal, ndugu yangu, humu si kuna kazi ya Rizak? Ngoja niihifadhi pembeni kwanza."

"Nimesema futa."

Akafuta. Laptop ikaenda Ijara.

Simu ya Rizak alibaki nayo Hooyo, anasikiliza sauti alizokuwa akimtumia. Baada ya miezi miwili akaniita. "Hii simu inaletewa barua. Mtu anamwandikia mwanangu na hakuna anayemjibu. Hebu soma."

Zilikuwa tatu. Nilizisoma kwa kutafsiriwa na simu. Ya kwanza inasema anasubiri kwa hamu. Ya pili inauliza kama amemkosea Rizak. Ya tatu inasema amesogeza tarehe tena, hataki kuitoa bila stage yake, na je, yuko salama?

Nikarudi nyuma nikasoma zote, tangu ya kwanza. Humo mwenye gemu alimweleza Rizak jinsi ya kupanga stage: zile alama nyekundu zilikuwa sehemu ambazo ndege za adui zingetokea. Basi.

Nilikwenda Ijara na yule fundi, kuona kama kilichofutwa kinaweza kurudishwa. Walimu walikuwa wamechapa mitihani humo miezi yote miwili. Fundi akahangaika siku nzima, akaniambia mitihani imeandikwa juu ya kazi ya Rizak, hakuna kilichobaki.

Nikamwandikia Mjapani. Kwanza niliandika kwamba laptop iliibwa. Nikaifuta barua hiyo, nikaandika lililotokea, pamoja na kumshuku kwangu. Nikamwomba amsamehe Rizak ile amana.

Jibu lilichukua siku tisa. "Rizak hana deni kwangu. Kazi yake aliifanya. Wewe ndiye uliyeifuta, na sijui nikuambie nini." Hajaniandikia tena.

Gemu ilitoka mwezi uliopita ikiwa na stage tano. Kwenye majina ya waliosaidia kuijaribu, la Rizak lipo. Nimesoma maoni ya walioinunua. Wengi wameipenda, ila wapo wanaolalamika kwamba inakatika ghafla, kana kwamba kuna kitu kimekosekana. Mwenye gemu hajawajibu.

Hooyo nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ungeniuliza ningekuambia. Alinionyesha paa letu kwenye mchoro wake."

Nilichojifunza ni hiki. Maiti wako akiacha kitu usichokielewa, uliza kabla ya kukigusa. Anza na wa nyumbani. Na ninyi mnaofanya kazi zenu kimya kimya, waonyesheni ndugu zenu mkiwa hai, hata kama hawaulizi.

Anayetaka kunilaumu anilaumu, nitasoma kila neno.

Ila kuna ombi. Kama uliwahi kusubiri simu yako pale kibandani na Rizak akakuonyesha michoro yake, niandikie ulichokiona, hata kama ni kidogo. Hooyo macho yamepungua nguvu, anakumbuka lile paa tu. Mimi niliitazama kwa dakika chache, na nilikuwa natafuta kosa.