Punje ya Tasbihi Ndani ya Kabureta

Mimi ni fundi wa magari hapa Garissa, na fundi haamini mpaka ashike kwa mkono. Haya ninayokusimulia nimeyashika. Anayebisha aje gereji nimwonyeshe hendeli.

Gari lenyewe lilikuwa landrova kuukuu ya petroli, ikaletwa ikivutwa kwa kamba. Aliyeileta ni Gurey, mfanyabiashara wa ngamia. Kabla yake ilikuwa ya shemeji yake, Dahir. Miaka miwili nyuma wawili hao walishika njia ya Liboi, gari likazima porini, na Gurey akarudi peke yake. Alisema alikwenda kwa miguu kutafuta maji, na aliporudi hakumkuta mwenzake. Maiti haikuonekana. Ngamia waliokuwa wa wawili wakabaki wa mmoja.

"Hiyo kabureta tuba, fundi," aliniambia kwa lafudhi yake ya Kisomali, ambamo p hugeuka b, akinipa nyingine ndani ya boksi. "Imekufa. Weka hii mbya. Usiifungue, utaboteza wakati bure."

"Haijafa, walaal, ndugu yangu. Imeziba tu."

"Mimi nakwambia tuba!"

Sasa, mimi nina ugonjwa mmoja: siwezi kutupa kitu cha zamani kilicho kizima. Ile ya boksini ilikuwa nyepesi kama kopo la maziwa. Nikaona nimfanyie hisani, nikaifungua ile yake. Usiogope kabureta. Ni kibakuli cha petroli, boya la kupima kiasi, na kitundu kinachoipeleka petroli ikutane na hewa. Ukiwa na subira na brashi laini, hata wewe utaiweza. Nilipofikia kile kitundu nikachokoa kwa waya, na kikatoka kizibo: punje moja nyeusi ya tasbihi. Niambie wewe, punje ya tasbihi itaingiaje yenyewe ndani ya kabureta iliyofungwa kwa skrubu?

Tasbihi ya Gurey naijua. Huizungusha vidoleni mchana kutwa. Punje zake zote ni nyeusi, isipokuwa moja, nyekundu, ya plastiki.

Nikaitia punje ndani ya mkebe wa nati.

Kesho yake nilifika alfajiri kurekebisha vali. Kwa nini alfajiri? Kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka, na ile nafasi ndogo ya juu ya vali, nyembamba kama ukucha, nilifundishwa kuipima injini ikiwa baridi. Huku kwetu chuma hupoa kweli kwa muda mfupi tu, baada ya swala na kabla jua halijapanda.

Nilihitaji mtu wa kunizungushia injini kwa hendeli. Nikageuka, na mtu alikuwa amesimama pale. Mrefu, shuka la kiunoni limejaa vumbi jekundu, midomo imepasuka.

"Assalamu alaykum. Maji iko?"

Nikampa dumu la lita ishirini. Niamini, alilikausha bila kuvuta pumzi, na midomo ikabaki mikavu vilevile. Kisha akashika hendeli.

"Vali ya tatu imekaza," akasema.

Nikapima. Bamba la kupimia halikupita. "Umejuaje?"

"Hii gari ni yangu, fundi. Hiyo ya tatu ilikuwa inanigombeza kila asubuhi, kuliko hata mke."

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka gari hili lilikuwa la Dahir. Yeye akaendelea kuzungusha, taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Aliweka hiyo kitu wakati naswali. Akabeba maji yote, akasema anarudi. Fundi, mrudishie hiyo bunje mbele ya wazee. Sema umeitoa wabi. Wazee wakae, ukoo wake ulibe diya kwa damu yangu, mama yangu abate haki, na mimi nizikwe. Yeye anajua aliboniacha."

"Na nisiposema?"

"Usiposema, nitajichukulia mwenyewe. Na kiu tutagawana, mimi na wewe."

Nikainama kulegeza nati. Nilipoinua kichwa, hendeli ilikuwa ikizunguka bila mkono. Ikasimama. Kwenye mshikio, alama za vidole vinne zilikuwa zimezama ndani ya chuma.

Adhuhuri Gurey akaja na wazee wawili wa ukoo wake. Wakaketi kwenye benchi langu, wakanywa chai.

"Umeweka kabureta ibi?" Gurey akauliza.

"Ile ya zamani. Nimeisafisha."

Vidole vyake vikaganda kwenye punje nyekundu. "Ulibata nini ndani?"

Mkebe ulikuwa chini ya kiganja changu. Wazee walikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu. Lakini Gurey ni mtu mzito mjini, na mimi nina gereji ya mabati matano. Ungesema, wewe?

"Uchafu tu," nikajibu.

Akacheka, akanigonga bega. "Fundi mzuri hataji uchafu wa watu."

Akaondoka peke yake kuelekea Liboi, na madumu mawili ya maji nyuma.

Siku ya tatu wachungaji waliisikia injini kwa mbali, inanguruma kwa utulivu, kila vali mahali pake, na tangi limekauka kabisa. Gurey alikuwa amelala kando ya gari, juu ya mifupa ya mtu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Madumu yote mawili yalikuwa yamejaa, vifuniko havijaguswa. Mkononi alishika tasbihi nyeusi tupu, isiyo na punje nyekundu hata moja. Niliposikia hivyo nilikimbilia mkebe wangu. Nati tu.

Dahir alizikwa. Gurey sikumlilia, na wala sitajisingizia huzuni. Alinyweshwa kikombe alichomnywesha mwenziwe.

Lakini mimi? Daktari amenipima, hajaona sukari wala homa. Nakunywa mchana, nakunywa usiku, na ulimi wangu ni mchanga mtupu. Dahir aliahidi tutagawana.

Kwa hiyo wewe unayejifunza ufundi, usiogope kufungua. Hakuna injini isiyofunguka kwa subira. Ila ukikuta ndani kitu ambacho hakikuingia chenyewe, kiseme siku ileile, mbele ya watu, hata mwenye gari akukazie macho.

Sasa nisogezee hilo dumu.