Kitenge Changu Kilipanda Ngome

Msiniambie nilisinzia. Ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, nimesimama kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu hapa Tumba, na binti yangu Keza, wa miaka tisa, ni shahidi.

Nianze na wivu, maana bila wivu hakuna kisa. Kwaya yetu ilialikwa Japani, kwenye mji wa zamani wenye ngome kando ya bahari. Mimi ndiye niliyewaandikia wenyeji, mimi ndiye niliyepanga safari. Ikabaki nafasi moja, mwalimu wa kwaya akampa Furaha. Furaha, niliyemfundisha mimi kuimba sauti ya pili! Nilimkumbatia nikasema, "Hongera, mdogo wangu." Moyoni nikaomba avunjike mguu. Ndiyo, niliomba, na ninyi msijifanye malaika.

Asubuhi hiyo nilikuwa nafua sare ya kwaya, kitenge cha njano chenye ndege wa bluu. Sare ya nini, na mimi nimeachwa? Mashine ikizunguka, simu ikaita. Furaha, kwa video, yuko juu ya ngazi za mawe, ngome nyeupe nyuma yake.

"Angalia bahari, dada! Iko pale chini kabisa! Kama ungekuwa huku, kweli!"

Kama ungekuwa huku. Maneno hayo yalinichoma kuliko pasi. Nikatamani niwe pale, yeye asiwepo.

Ndipo nikamwona mwanamke anapanda ngazi nyuma yake, amevaa sare yetu, imelowa, inadondosha povu. Keza akachungulia simu, akasema kwa Kiswidi chake cha shuleni, "Mamma, det är du!" Mama, ni wewe. Na kweli alikuwa mimi: kovu langu la kidevuni, mwendo wangu wa kuvuta mguu wa kushoto. Mngepiga kelele, sivyo? Niaminini, nilikuwa na muda wa kupiga kelele. Nilitaka kuona atafanya nini.

Akaweka kiganja mgongoni mwa Furaha. Simu ikaonyesha mawingu, kisha mawe, kisha giza.

Mashine ikasimama. Kitenge kilitoka na mchanga na majani ya msonobari. Misonobari hata Tumba ipo, mtasema. Na ganda la kombe, je?

Furaha amerudi akitembea kwa magongo. Nilimpelekea supu. Akanipa kitambaa cha hariri alichoninunulia kule kabla ya kuanguka, akanitazama sana.

"Mukono yako siku ile ilikuwa na baridi, dada."

Sikukana. Bado tunaimba pamoja, lakini siku hizi yeye husimama safu ya mwisho, mgongo ukutani.

Kwa hiyo ukimwonea mwenzio wivu, mwambie usoni, mgombane, yaishe. Ukiufungia ndani, utatoka wenyewe, na hautaomba viza.