Jina Lililokwenda Nyumba ya Watu

Mimi ni fundi viatu, na chumba ninachofanyia kazi ni nusu ya chumba. Nusu nyingine ni ya Mama Uzi. Katikati yetu hakuna ukuta wala pazia: kuna meza yake ndefu upande wa dirisha, kuna kigoda changu karibu na mlango, na kuna harufu ya gundi yangu, anayoilalamikia tangu tuanze kupanga pamoja. Mtu akiingia na kiatu kilichoachama ni wangu, akiingia na habari za mtoto mchanga ni wake. Wengine huingia kupiga soga tu, na hao tunagawana.

Kazi yake ni kudarizi majina kwenye shali za watoto. Anadarizi foronya pia, na vitambaa vya meza, lakini mtaani anasifika kwa shali: pamba laini, nyeupe kama maziwa, jina limekaa kwenye kona. Na ana mwiko wake. Jina halionwi na mtu yeyote kabla ya mwenye mtoto. Akimaliza huikunja shali ili jina lilale ndani kabisa, akaifunga kwa karatasi ya kaki na kamba, basi. Hata mimi ninayekaa naye pua kwa pua haniruhusu kuchungulia. Anasema jina la mtoto si tangazo la sabuni.

Kuyasikia majina nayasikia yote, maana wateja huyataja kwa sauti. Zamani walileta majina ya mabibi na mababu, mafupi, moja analianza asubuhi na mchana limekwisha. Siku hizi wanaleta majina marefu yaliyookotwa kwenye simu, herufi zinakanyagana, na mama wa mtoto mwenyewe anasimama mlangoni akilisoma kwenye kioo cha simu asije akalikosea. Mama Uzi hudarizi yote bila kukunja uso. Mimi ndiye ninayeguna, na kuguna kwangu hakujawahi kumzuia mtu.

Basi ikafika zamu ya Mama Uzi mwenyewe. Mwanawe wa pekee ni fundi umeme, kijana mpole asiyependa kelele. Mkewe anauza kwenye duka la dawa pale kona. Walikuwa wanangoja mtoto wao wa kwanza, na kipimo kilishasema ni msichana. Mama Uzi alikuwa na jina lake tayari. Nadhani alikuwa nalo tangu siku ile aliyozaa mvulana badala ya msichana. Lilikuwa jina la marehemu mama yake.

Jina lenyewe silitaji hapa. Nikilitaja, mmoja wenu atalipenda na kumpa mwanawe, na mbele mtaona kwa nini sitaki kesi hiyo tena. Niseme tu ni la zamani, ni fupi, na wengi walioitwa hivyo walimaliza na mkongojo.

Mkwe hakulitaka. Si kwamba ana kiburi. Ni binti mcheshi, na anampenda mama mkwe wake kuliko wengi wanavyowapenda mama zao wa kuwazaa. Lakini yeye pia alikuwa na jina lake, la kisasa, la kutoka kwenye simu.

"Mama, hilo lako ukilisikia tu unamwona bibi kizee anatafuta miwani," alisema siku moja, amekaa juu ya bunda la vitambaa na tumbo lake mbele. "Mtoto atazeeka kabla ya kuota meno."

"Na hilo lako ukilisikia unaona chupa ya manukato."

"Si manukato yananukia vizuri?"

"Yananukia, mwanangu. Lakini nani anaita chupa ije kula?"

Nilicheka hadi nikajigonga nyundo kidoleni. Mume wa binti, alipoulizwa anasimama upande gani, alisema yeye ataita litakalokuwepo, kisha akakumbuka kuna waya anapaswa kwenda kuutafuta. Mwanamume mwenye akili.

Lakini mkwe alipoondoka, Mama Uzi alibaki ameshika sindano isiyo na uzi, na nikajua mzaha umekwisha.

"Kisigino," akaniita. Hilo ndilo jina langu mtaani. Lile nililopewa na wazazi hulisikia tu nikiwa kwenye foleni ya hospitali. "Wewe unamjua mtu mwingine anayeitwa kama mama yangu?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Hata mimi. Nilizaliwa peke yangu, na ndugu zake wote wamekwisha. Siku hizi jina lake nalitaja mimi tu, tena moyoni. Nikiondoka, ndiyo basi. Hakuna atakayemwita tena."

Nilimmiminia chai.

Asingekuwa Mama Uzi kama angekaa mikono mitupu. Aliidarizi shali ya mjukuu kwa siri, kwa jina la mama yake, kwa uzi wa zambarau ambao hautumii kwa mteja yeyote. Aliniambia ni ya kutuliza moyo tu, akishindwa ataifumua. Nilimjua, asingeifumua hata kwa viboko. Alipomaliza akaikunja kama kawaida, jina ndani, karatasi ya kaki, kamba, akaiweka kwenye rafu. Pembeni yake kilikuwepo kifurushi cha mwenye saluni, mama mmoja mwenye sauti ya kujaza uwanja, aliyeagiza shali kwa ajili ya mtoto wa binti yake. Jina aliloagiza lilikuwa mojawapo ya yale marefu. Karatasi ile ile, kamba ile ile.

Mtu mwingine angeandika juu ya karatasi. Mama Uzi haandiki, kwa sababu kwake kuandika ni kutangaza, na kwa sababu miaka yote hakuwahi kukosea. Mwenye saluni akaja mbio mbio, gari linamngoja nje, akapewa kifurushi akatoka. Jioni, baada ya kufagia, Mama Uzi akakitoa kile kilichobaki ili aitazame kidogo kazi yake.

Akafungua kunjo la kwanza, akafungua la pili. Kisha akaigeuza shali kunielekea, mara ya kwanza kunionyesha jina tangu nimjue. Nikasoma lile refu la kwenye simu.

"Mama yangu amekwenda nyumba ya watu," akasema.

Tulipiga simu hadi yangu ikazimika. Ya mwenye saluni haikupatikana. Asubuhi nilikivuta kigoda changu hadi kwenye kizingiti niwahi kukimbia, maana mama yule akikasirika hana simile. Akaja amevaa wigi jekundu, na alikuwa anacheka tangu barabarani.

"Mama Uzi, umenifanyia nini wewe?" Akaeleza, huku akijipepea na kipande changu cha ngozi. Shali ilifunguliwa mbele ya wageni. Shangazi mmoja akasoma jina kwa sauti, watu wakadhani ndilo, wanawake wakaanza kumwimbia mtoto kwa jina hilo. Kabla yeye hajamaliza kusema kuna makosa, baba wa mtoto akasema hilo hilo, jingine lilikuwa linamkata pumzi katikati. "Na binti yangu kalipenda. Anasema ni jipya kabisa, hajawahi kulisikia popote. Haya, nimekuja kuagiza foronya zake."

Nilimtazama Mama Uzi. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, na sidhani kama mwenyewe alijua kipi kimeanza. Aliipokea oda. Tulipobaki wawili akasema amefurahi, amefurahi kweli, jina la mama yake sasa linaitwa na nyumba nzima.

"Ila wanamwita, Kisigino, na hawajui wanamwita nani."

Hayo maneno yaliniuma hata mimi, ambaye mama yule sikuwahi kumtia machoni.

Saluni ni redio ya mtaa. Wiki haikuisha, mkwe akaingia kwetu mkono kiunoni, tumbo limetangulia, salamu hakuna.

"Mama, umesikia? Jina letu limechukuliwa."

Mama Uzi akaweka sindano chini taratibu. "Letu? Tangu lini?"

Mimi nilikiinamia kiatu nilichokuwa nacho na kukipiga msumari ambao hakikuuhitaji.

"Nilikuwa saluni," binti akasema, sauti imeshuka. "Wote wanalisifia. Yule mama anajivuna utadhani kalitunga yeye. Nikakasirika, mama, hata sijui hasira zimetoka wapi. Nikawaambia hilo jina lina mwenyewe, ni la kwetu. Wakaniuliza, mwenyewe ni nani? Nikakosa la kusema. Namjua jina tu."

Miezi yote ile walikuwa wamebishania jina, na hakuna aliyemgusa mwenye jina. Mama Uzi akamvutia mkwe wake kiti, akakaa naye magoti kwa magoti, akaanza kumsimulia.

Mama yake alikuwa mshona magunia kwenye ghala la nafaka, na sindano yake ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto. Alipiga mluzi kuliko wapagazi wote wa pale. Alikuwa haogopi mtu, lakini akiona kuku anakuja upande wake, hupanda juu ya kiti. Chumba chao kilivuja, na mvua ikinyesha alikuwa anasukuma kitanda kutoka kona hii hadi kona ile, binti yake amekaa juu, akimwambia leo wanahamia mji mwingine, ashike vizuri, na huko waendako watakula keki. Mama Uzi alikuwa mtu mzima ndipo akajua kwamba nyumba za watu wengine hazisafiri.

"Kwenye kiti? Kwa sababu ya kuku?" mkwe akauliza. Alicheka akashika tumbo kwa mikono miwili, akaomba arudie, akarudiwa, akacheka tena. Mara akajifuta macho kwa kiganja. Aliondoka bila kusema amekubali, na Mama Uzi hakumuuliza. Alinunua shali nyingine akaiacha tupu, haina herufi hata moja, akasema safari hii atangoja aambiwe kama mteja yeyote.

Mtoto alikuja mchana mmoja wa joto. Nilikwenda na Mama Uzi hospitali kwa sababu alihitaji mtu wa kumbebea chupa ya chai, au ndivyo alivyosema. Tulikuta fundi umeme ukumbini. Macho yangu mimi huanzia chini: alikuwa amevaa kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mwingine, na hajui. Akamkumbatia mama yake, akasema wote wazima, tuingie.

Mkwe alikuwa ameegemea mito, amechoka, uso unang'aa. Mama Uzi alisimama mlangoni na ile shali tupu kifuani. Nilisikia anavyopumua.

"La simu nimeliweka," mkwe akasema. "Ni la mtoto wa pili, na hilo hatubishani."

"Sawa, mwanangu."

"Watu wa saluni watasema tumewaiga."

"Watasema."

"Waache waseme. Nitawahadithia habari ya kitanda." Akamnyanyua mtoto kidogo, kile kichwa chenye nywele zilizolowa kikatokeza kwenye khanga. "Mama, njoo basi umpokee mama yako."

Mama Uzi hakuweza kupiga hatua. Ilibidi nimsukume kidogo mgongoni. Alifika kitandani, akanyoosha mikono, akamwita mtoto kwa jina, kwa sauti iliyosikika hadi ukumbini, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama anayeitwa. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki na kumpakata mama yake.