Dawa ya Ng'ombe Niliyoigawa Kwenye Treni

Hili jambo nimelificha miaka mingi, hata kwenye daftari langu la kila siku nililiruka, maana nikilisoma naona haya mwenyewe kama niliyevuliwa nguo sokoni, lakini leo naliandika, nyie mnicheke mmalize.

Miaka ya tisini dada yangu Skola, mkulima wa Mwamkulu, alipata uvimbe kwenye titi. Daktari wa kwetu akakata kinyama, akakitia kwenye chupa yenye dawa ya kukihifadhi, akanipa nikipeleke Mwanza, kwa sababu kwetu kulikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kukipima (daktari nisimwonee, sehemu yake aliifanya yote, na mara mbili aliniambia, "Usiifungue"). Wagonjwa wa mijini kinyama chao kinavuka korido tu, chetu kilisafiri na treni, daraja la tatu.

Chupa ilikuwa inavuja kidogo na dawa ile inawasha macho, hatujafika hata stesheni ya Katumba, behewa zima linapiga chafya. Mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji, akaniuliza, "Ndugu yangu, umebeba nini humo?" Kutaja titi la dada yangu mbele za watu nikaona aibu, mimi na akili zangu za darasa la saba, nikajibu, "Dawa ya ng'ombe."

Uongo wote uliopo duniani nikachagua huo, ndani ya behewa lililojaa wafugaji.

"Ya kuua kupe au ya ugonjwa wa ndigana?"

"Zote."

Akatoa chupa tupu ya soda. "Nigawie kidogo, ndama wangu wanakwisha."

Nikakataa. Mama aliyekaa mbele yangu akasema, "Mwache, baba. Wasomi ndivyo walivyo, ng'ombe wa wenzao wafe tu."

Kuitwa mchoyo kuliniuma hata nikasahau agizo la daktari. Nikafungua, nikamimina, akaja wa pili, akaja wa tatu, na kwa huyo wa tatu kinyama kikajitokeza mdomoni mwa chupa.

"Hii dawa ina nyama," mzee akasema polepole. "Nyama ya nini?"

Nyuma yangu mtu alishataja mchawi, basi nikasema yote. Mzee (lazima niseme, alikuwa muungwana) akamwaga yake dirishani, wenzake wakamwaga zao, akaniambia, "Ungesema una mgonjwa, tungekupisha ukae vizuri." Na mimi, mtaalamu, stesheni iliyofuata nikaijaza chupa maji ya bomba.

Mwanza mpimaji alifungua, akafunga haraka. "Kimeoza. Mgonjwa akakatwe kingine."

Nikarudi nyumbani nikamweleza dada yote, akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo titi langu limeponya ng'ombe wangapi?"

"Hakuna, dada."

"Basi tuko sawa, mimi na wao."

Akakatwa tena, akaibeba chupa mwenyewe. Jibu likaja, ni saratani. Daktari alisema wiki tulizopoteza huenda hazikubadilisha kitu, na huenda ni kweli, mimi sina elimu ya kumbishia, ila alilisema hilo huku anapanga makaratasi.

Tulimzika Skola mwaka uliofuata. Nimeapa, mtu akiniuliza alikufa kwa ugonjwa gani, nasema saratani ya titi, kwa sauti, hata kanisani, na wanaotaka kuinamisha macho wainamishe.